Ombi la Kuwazuia Watu wa Goma Kuingia Nyumba ya Ngazi Saba

Goma, Alhamisi tarehe 22 Agosti 2024

Kwa Papa Léopold Havugimana,
Conservateur, yaani mhifadhi mkuu, wa Nyumba ya Ngazi Saba,
na kwa wajumbe tisa wa Kamati, kila mmoja kwa cheo chake

Kuhusu: wageni wanaojua mno

Papa Conservateur mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima yote unayostahili, na nyingine kidogo juu yake, maana nakuja na malalamiko. Mimi ni Akonkwa Zihindula, mwongoza wageni wa muda, wa kiangazi hiki, kuanzia tarehe moja Juni mpaka tarehe thelathini na moja Agosti. Unanijua. Ni yule kijana mrefu anayesimama mlangoni na karatasi kumi na mbili mkononi, mdomo wazi, huku mtu mwingine ndiye anayesema.

Kwa kuwa barua hii inaweza kupita mikononi mwa watu wengi, naomba kwanza nieleze nyumba yenyewe. Ilijengwa zamani na mfanyabiashara wa kahawa, na mbele iliwekwa ngazi saba. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ilishuka mjini, ikafunika ngazi tano, ikaingia kwa mlango wa mbele bila hodi, ikapita barza ya mbele, ikapita sebule, ikasimama chumba cha kulia, kiganja kimoja kutoka kabati la vyombo. Hakuna sahani iliyovunjika. Nyumba za jirani zilikwisha zote, hii ikabaki na jiwe tumboni, na ninyi Kamati mkaamua ihifadhiwe hivyo hivyo. Kwa hilo nawapongeza.

Shida ilianza kwenye maandishi. Wajumbe wa Kamati ni tisa na wote tisa walikuwa hapa siku ile. Nasikia mlikaa vikao vitano mkishindwa kukubaliana lava ilipitia upande gani wa uzio, na kwamba katika kikao cha sita kiti kimoja kiliinuliwa kikiwa hakina mtu juu yake. Ndipo mkakata shauri: maelezo yaandikwe na mtu ambaye hakuwepo, na yasomwe na mtu ambaye hakuwepo pia. Kwa hiyo nilipokuja kuomba kazi hamkuniuliza diploma yangu ya historia. Mliniuliza swali moja tu, siku ya volkano nilikuwa wapi. Nikajibu kwamba nilikuwa Bukavu, tumboni, na hata mama yangu alikuwa hajapata habari. Mliangaliana, mkapeana mikono, nikapewa kofia.

Pamoja na kofia nilipewa mkataba, na ndani yake kuna kifungu cha tisa, ambacho sasa nakijua kuliko sala ya jioni. Kinasema mwongoza wageni wa muda atakayesoma kurasa zote kumi na mbili bila kukatizwa, walau mara moja, mbele ya mgeni mkazi wa Goma, na mgeni huyo akatia sahihi, atapewa kazi ya kudumu. Nilipokisoma nilicheka. Mara moja tu! Nilidhani nitamaliza jambo hilo kabla ya chakula cha mchana cha siku ya kwanza. Papa Conservateur, leo zimebaki siku tisa na sijawahi kuvuka ukurasa wa nne.

Sababu ni hizi.

1. Saa. Ukurasa wa kwanza unasema lava ilifika langoni saa nane mchana. Ni sentensi fupi, na watu hawaniruhusu kuimaliza. Mama mmoja alinishika bega akasema: "Saa nane? Weye mutoto, saa nane miye nilikuwa ningali natwanga majani ya sombe!" Mume wake akamkatalia hapo hapo, akasema giza lilikuwa limeingia na lava yenyewe ndiyo iliyowaangazia njia. Wakaendelea kubishana mpaka barabarani, na visiti, yaani ziara yetu, ikaishia hapo. Tangu Juni nimeandika saa ishirini na sita tofauti. Kama wote wanasema kweli, lava ilikuwa inafika kwenye lango letu kuanzia Alhamisi asubuhi mpaka Jumamosi, na ilipumzika tu wakati wa kula.

2. Ngazi. Ukurasa wa pili unasema ngazi ni saba. Ng'ambo ya barabara anakaa Mama Philomène na meza yake ya nyanya. Huyu mama alifanya kazi katika nyumba hii akiwa msichana, alizifagia ngazi hizo miaka sita, na anasema zilikuwa tisa. Nilimwonyesha picha ya zamani. Akaiangalia sana, akasema zile mbili za chini zilifichwa na vyungu vya maua vya madame, "na vile vyungu njo miye nilikuwa nanyunyizia maji." (Hapa "njo" ni "ndiyo".) Sasa kila nikitamka "saba," yeye kutoka kwa nyanya zake anainua vidole tisa, kimya kimya, kwa adabu kabisa. Wageni wanageuka kuhesabu vidole. Nami nitamshinda kwa lipi, ikiwa ngazi ziko chini ya jiwe na aliyezifagia yuko juu yake?

Nilimshauri tumuandikishe kwenye orodha ya vitu vya urithi, kwa kuwa kanuni zetu zinasema kitu cha urithi hakiguswi wala hakisogezwi, na sijawahi kuona kimoja kikiinua vidole. Angekuwa namba thelathini na nane, baada ya beseni la kuogea. Alikubali, lakini kwa sharti kwamba awe mbele ya beseni, kwa sababu beseni lilikuja nyuma yake. Jambo hili bado linasubiri uamuzi wa Kamati.

3. Ukurasa wa nne. Hapa naomba ukae vizuri.

Ukurasa wa nne una maneno haya: "Wakazi walikimbia na mali zao kidogo." Aliyeandika hakukusudia ubaya. Hakujua kwamba kila mtu wa Goma akisikia neno hilo lazima aseme alibeba nini. Ni desturi ya mji na mimi sikuonywa. Tena mtu wa hapa hasimulii volkano peke yake. Mmoja akianza, wa pili anaingia, wa tatu anamsahihisha wa pili, na wakimaliza wanamgeukia yule ambaye bado hajasema, wanamtazama mpaka aseme. Mwanzoni nilifikiri ni ndugu wamekuja pamoja. Kumbe ni watu waliokutana langoni dakika kumi zilizopita.

Nimesikia ya kutosha. Bwana mmoja alibeba mlango mpya aliokuwa ameununua asubuhi ile, akafika nao Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, ukiwa kichwani, akaulalia siku nne. Mama mwingine alibeba sufuria ya maharagwe ikiwa bado inatokota, na anaapa kwamba yaliiva njiani. Yupo aliyebeba kuku, kumbe kuku wa jirani, na jirani naye alikuwa amebeba mbuzi wake. Wakakutana Petite Barrière, wakabadilishana mbele ya askari wa mpakani, kila mmoja akiomba radhi. Mwalimu mstaafu wa Katindo alibeba kengele ya shule akaacha viatu vyake. Nilipomuuliza kwa nini, alinikasirikia: "Na kengele ningeachia nani?"

Wakimaliza wanacheka, halafu wananyamaza wote kwa pamoja, na katika kunyamaza huko mimi siwezi kuanza ukurasa wa tano. Nimejaribu. Sauti yangu inatoka kama ya mtu anayetangaza mnada msibani.

4. Funguo. Mwezi wa Julai alikuja mama wa makamo kutoka Ndosho, akafungua fundo la kitenge kiunoni, akatoa ufunguo. Nyumba yake ya zamani ilikuwa avenue ya pili kutoka hapa. Alipokimbia aliifunga vizuri, kwa ajili ya wezi. Nyumba haipo tena, ufunguo upo. Akaniuliza kama anaweza kuujaribu kwenye mlango wetu. Nikatafuta kifungu kinachokataza, sikukipata. Akauingiza, akauzungusha, haukufungua. Akasema "Basi," akashukuru, akaenda zake.

Bila shaka alihadithia sokoni, maana tangu hapo wamekuja tisa, kila mmoja na ufunguo wake. Kitasa cha kihistoria kimelegea na nakiri nimechangia, kwa sababu mara mbili nilikishika kwa mkono ili kisiumie, huku moyoni nikiomba kifunguke. Hayo hayamo katika majukumu yangu.

5. Wanafunzi. Nilitumaini watoto wa shule, kwa kuwa hawakuwa wamezaliwa mwaka 2002. Nilikosea. Wao wana volkano yao, ile ya 2021, na wanaiona bora kuliko yetu. Waliponiuliza ile nayo niliikimbia vipi, nikasema nilihamia Goma mwaka uliofuata, walinitazama kwa huruma kabisa. Msichana mmoja mdogo alinifariji: "Usijali, papa guide, itakuja ingine." Ndivyo nilivyotambua kwamba katika mji huu wote ni mimi peke yangu sijawahi kukimbia kitu.

6. Daftari la maoni. Naweka hapa maneno matatu niliyonakili: "Guide anasikiliza muzuri." "Guide iko na masikio ya padri." "Mumupatie kiti, amesimama sana akitusikiliza." Nakuuliza kwa heshima, Papa Conservateur, je, haya ni masifu? Mwuza mikate akisifiwa kwa jinsi anavyokula mikate ya wengine, bosi wake atafurahi?

Sasa niseme kinachoniuma, maana hayo yote ningeyavumilia.

Kuna dada mmoja anaitwa Bibiche, mshonaji wa Birere. Tunapendana, naandika waziwazi kwa sababu mji mzima unajua. Baba yake, Papa Damascène, ana duka la misumari na mabati, ni mtu wa maneno machache. Niliomba kuwapeleka wazee wangu kwake. Akanijibu kupitia kwa binti yake kwamba atawapokea siku ambayo mkataba wangu hautakuwa na tarehe ya kuisha. Sikumlaumu. Hata mimi kama ningekuwa na binti nisingempa mtu wa miezi mitatu. Lakini wazee wangu wako Bukavu wakisubiri neno langu, Bibiche ananiuliza kila Jumapili nimefika ukurasa wa ngapi, nami kila Jumapili namjibu wa nne. Jumapili iliyopita hakuuliza. Nilijisikia vibaya kuliko siku zote alizouliza.

Kwa hiyo ninakuja mbele ya Kamati, kwa unyenyekevu, na maombi yafuatayo, ambayo nimeyapima sana.

Kwanza, kila mkazi wa Goma mwenye zaidi ya miaka ishirini na mitano asiingie mpaka alete hati ya kusahau, yenye muhuri wa chifu wa avenue yake na sahihi za mashahidi wawili ambao nao wamesahau. Endapo chifu mwenyewe anakumbuka, jambo ambalo naliogopa, basi tuache hati, tuweke ndoo ya maji safi langoni. Kila mgeni atapewa maji kinywani kabla ya ukurasa wa kwanza na atayatema baada ya ukurasa wa kumi na mbili. Anayemeza ataanza upya.

Kama hata maji hayatoshi, Kamati itoe tangazo kwamba volkano ya 2002 ilitokea kama ilivyoandikwa katika kurasa zetu na si vinginevyo. Mtu aliyekuwa mahali pengine siku hiyo, au saa nyingine, au aliyebeba kitu kisichotajwa, aandike barua katika nakala tatu kuomba kumbukumbu yake irekebishwe, na asubiri majibu nyumbani.

Na kama tangazo nalo litashindwa, naomba kwa dhati nyumba ihamishwe. Iondolewe pamoja na lava yake, ipakiwe kwenye meli, ivuke ziwa mpaka Bukavu. Kule ninawajua watu. Watasimama mstari, watasikiliza kurasa zote kumi na mbili, mwisho watapiga makofi, kwa sababu hawakuwepo. Ngazi tano za chini zinaweza kubaki hapa kwa Mama Philomène, na akizichimbua akapata saba, nitamwomba radhi kwa maandishi. Watu wa Goma hawatapungukiwa na kitu. Nyumba wanayo tayari mdomoni, na funguo wanazo.

Nakuomba ulipokee ombi hili kwa moyo wa mzazi. Nisalimie wajumbe wote tisa, hasa yule aliyeinua kiti na yule aliyekikwepa. Nisalimie mama wa nyumbani kwako na watoto, walinzi wa zamu zote mbili, sekretari, na Mama Philomène, ambaye ananitazama ninapoandika na nadhani anajua ninaandika nini.

Wako katika kazi, kwa siku tisa zilizobaki,

Akonkwa Zihindula
Mwongoza wageni wa kiangazi

N.B. Jumamosi, tarehe 24. Barua hii ilikuwa iondoke Alhamisi lakini sekretari alikuwa amekwenda matangani, ikabaki mfukoni mwangu. Naongeza kidogo.

Leo saa tisa alasiri alikuja mgeni mmoja peke yake, naye ni Papa Damascène, baba wa Bibiche. Hakuniambia kwamba atakuja. Nadhani alitaka kuona kwa macho yake kazi hii ni kazi gani. Nilimsalimia, nikafungua karatasi, nikasoma. Saa nane mchana: hakusema kitu. Ngazi saba: hakusema kitu, ingawa vidole tisa vilikuwa tayari juu. "Wakazi walikimbia na mali zao kidogo": akaangalia chini. Nikaingia ukurasa wa tano kama mtu anayeingia nyumba ya wenyewe. Nikapita wa sita, wa saba, wa nane. Saa kumi na dakika chache nikasoma neno la mwisho la ukurasa wa kumi na mbili, ambalo ni "asanteni." Akatia sahihi. Karatasi yake nimeiambatanisha hapa.

Ningeweza kufunga mlango. Kazi ya kudumu ilikuwa mkononi mwangu. Lakini yeye alibaki amesimama mbele ya kabati, kofia mkononi, mtu wa Goma aliyepita kurasa kumi na mbili za volkano bila kusema neno, na mimi nikaogopa. Kitu kama hicho sikuwa nimekiona kiangazi chote. Nikamuuliza: "Papa, na wewe ulibeba nini?"

"Mashini ya kushona," akasema. "Haikuwa yangu."

Alikuwa kijana, karibu na Petite Barrière, katikati ya watu wanaosukumana. Msichana asiyemjua akamwekea mikononi mashini yake akamwomba amshikie dakika tano, akarudi nyuma kumtafuta nyanya yake. Watu wakamsukuma mpaka ng'ambo. Akakaa kando ya barabara kule Gisenyi na ile mashini siku tatu. Hakuondoka kwenda kutafuta chakula, akiogopa mwenye mashini atapita asimwone. Watu wakimcheka, wakimwambia auze. Siku ya tatu msichana akatokea, amembeba nyanya yake mgongoni. "Akaniangalia, akaniambia: miye nilisema dakika tano, na weye ungali hapa? Huyo njo mama ya Bibiche."

Mama yake Bibiche alifariki mwaka juzi. Bibiche anajua kwamba wazazi wake walikutana kanisani, na mashini hiyo hiyo ndiyo anayoshonea.

Halafu Papa Damascène akaniuliza, bila ukali, hiyo yote iko ukurasa gani. Nikapekua kurasa zote kumi na mbili mbele yake, moja moja, nikijua kabisa kwamba haimo. Akangoja mpaka nikamaliza. Nikageuza ukurasa wa kumi na mbili nyuma, kulikokuwa hakuna kitu, nikachukua kalamu, nikamwomba aanze upya, polepole. Tulikaa mpaka mlinzi akaja kufunga. Langoni aliniambia wazee wangu waje Jumapili ijayo, baada ya misa. Hakuniuliza habari ya mkataba, nami nilisahau kumwambia kwamba nimefuzu.

Naondoa malalamiko yote sita, na naomba nyumba ibaki Goma. Ukurasa wa kumi na mbili nimeufikia mara moja, shahidi yupo, na mkiniajiri au msiponiajiri, sitaufikia tena.